Shangazi Sabuni, Aliyetutafutia Watu wa Kutuzomea

Tarehe thelathini mwezi huu, Mkuu wa Masoko na Uhusiano anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika shirika letu la michezo ya watu wenye ulemavu. Cheo hicho kimeandikwa mlangoni kwake, na ni mlango tu unaokitumia. Sisi wengine, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita Shangazi Sabuni. Hata wachapishaji wa mabango yetu waliwahi kumletea kalenda yenye jina hilo, naye akaitundika bila kinyongo.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, karani wa ofisi, kwa kuwa meza yangu na yake zinatenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kwa miaka yote hiyo hakuna simu aliyopiga ambayo sikuisikia. Sifa yangu ya pili ni kwamba mimi ni mchezaji wa akiba katika timu yetu ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Mchezaji wa akiba ana nafasi nzuri ya kutazama mambo. Wenzangu husema nina bahati ya pekee: kocha akiniambia nikakae, anakuta nimeshakaa. Mkurugenzi ameomba wasifu huu uwe na heshima, nami nimemwahidi kujitahidi mpaka aya ya pili. Hii ndiyo ya pili.

Shangazi alianzia kiwanda cha sabuni, binti aliyetoka chuoni na viatu vinavyombana na imani kwamba neno likitungwa vizuri huuza hata mawe. Tangazo lake la kwanza lilisema sabuni ile inaondoa kila doa. Wiki haikupita, mama mmoja akaingia ofisini na kitambaa cha meza kilichomwagikiwa rangi ya mlango, akakitandaza mbele yake bila salamu. Wakubwa walimshauri Shangazi akajifiche chooni. Chooni alikwenda kweli, lakini na kitambaa na mche wa sabuni, akafua mpaka vidole vikachubuka. Rangi haikutoka. Siku chache baadaye tangazo lilisomeka kwamba sabuni inaondoa karibu kila doa. Meneja alimfokea, kisha mauzo yakapanda, kisha meneja akaanza kusimulia kwamba wazo lile lilikuwa lake.

Kutoka kwenye sabuni akahamia kwenye biskuti. Huko alikuta shehena nzima imevunjikavunjika njiani, na kila mtu anamtafuta wa kumtupia lawama. Yeye akazifungasha upya, akazinadi kuwa ni biskuti za chai zisizomsumbua mtu kuvunja. Ziliisha dukani kabla ya zile nzima, na kiwanda kikalazimika kuajiri mtu wa kuvunja biskuti. Nimemuuliza mara nyingi kama kisa hiki ni cha kweli. Hujibu kwamba amekipiga chuku kidogo, ila hajawahi kuniambia ni sehemu gani.

Halafu yakaja magodoro. Hayo yalimpa yeye umaarufu na yakampa mumewe aibu. Mwigizaji aliyetakiwa kupigwa picha akiwa amelala hakutokea, mpigapicha alikuwa anafunga mizigo yake, na Shangazi akampigia simu mumewe, mpima ardhi mpole asiyejua kukataa. Mzee wa watu alifika, akavuliwa viatu, akalazwa. Alikuwa ametoka kazini amechoka, kwa hiyo akalala usingizi wa kweli, mdomo wazi. Picha ile ilikaa kwenye bango la njia panda kubwa kuliko zote mjini karibu mwaka mzima. Kila aliposimamisha vyombo vyake vya upimaji kando ya barabara, madereva walimpigia honi na kumtakia usiku mwema, jua likiwa utosini. Wameoana mpaka leo, na sisi ofisini tunalihesabu hilo kuwa fanikio lake kubwa zaidi kikazi.

Kuna methali moja ambayo ni marufuku kuitamka mbele yake: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anasema aliyeitunga hakuwahi kuwa na kitu chema kilichoozea ghalani. Anayeitamka ofisini hukabidhiwa ndoo ya gundi na kutumwa kubandika mabango. Mkurugenzi ameshabandika mara mbili.

Ni magodoro hayo hayo yaliyomleta kwetu. Kampuni yake iliamua kusaidia jamii, wakubwa wakaona shirika letu linafaa, na kwa kuwa vichwani mwao mtu mwenye ulemavu ni mtu aliyelala, wakatuletea lori zima la magodoro. Sisi tulikuwa tumeomba matairi. Lori liliingia katikati ya mazoezi, Shangazi akashuka na mpigapicha wake, na nahodha wetu akasogea kuwapokea.

Nahodha huyo ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, na hatujawahi kumwita jina jingine zaidi ya Mwalimu. Ni mwanamke mwenye mabega mapana na ulimi usiopiga kona. Alilitazama lori, akamuuliza Shangazi kama timu inatakiwa kucheza juu ya magodoro au chini yake. Mpigapicha akaomba wachezaji wajipange mstari na wapunguze kucheka, ili picha iguse mioyo ya watu. Mwalimu akageuza kiti akarudi uwanjani, na mazoezi yakaendelea kana kwamba lori limezaliwa pale. Viti viwili viligongana, rimu ikapinda. Winga wetu akaanguka na kiti chake, akajisukuma kwa mkono mmoja mpaka kiti kikasimama tena, na hapo hapo akamtukana kocha ambaye hakuhusika kwa lolote. Shangazi alikuwa amesimama na mkasi wa kukatia utepe mkononi, na picha ya makabidhiano haikupigwa.

Yeye mwenyewe husema kwamba kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwashawishi watu waone vitu vya kawaida kuwa vya ajabu, na siku ile aliona kitu cha ajabu ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikinadi. Kabla mwaka haujaisha aliacha magodoro, mshahara na gari la kampuni, akaja kukaa upande wa pili wa ukuta wangu, katika chumba kilichokuwa stoo ya mipira. Magodoro hatukuyarudisha. Tuliyafunga ukutani nyuma ya kikapu, na yameokoa meno ya wengi.

Mechi ya kwanza aliyoitangaza ilikuwa na mabango yaliyosema Njoo Ushuhudie Ujasiri. Ukumbi wa manispaa ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Mkurugenzi alikuwa anasalimiana na kila mtu kama baba wa bibi harusi. Kisha mpira ukaanza. Tulipoingia, watu wakapiga makofi. Tulipofunga, wakapiga, na hiyo ni haki yetu. Tulipokosa, wakapiga. Filimbi ya faulo ilipolia walimshangilia aliyefanyiwa, halafu wakamshangilia na aliyefanya. Ikafika wakati Mwalimu akabaki peke yake chini ya kikapu, mpira mkononi, hakuna wa kumzuia, akakosa kwa namna ambayo hata mimi nisingekosa, na ukumbi mzima ukasimama kwa heshima yake. Bibi mmoja wa safu ya mbele alikuwa anajifuta machozi, na kila nilipomtazama alinipungia mkono wa kunitia moyo. Mimi nilikuwa benchi nakunywa maji.

Baada ya mechi Shangazi aliingia katika chumba cha kubadilishia nguo akitarajia kukumbatiwa. Mwalimu alimaliza kuvua glavu zake taratibu, na hakumung'unya maneno.

"Shangazi, leo nimecheza ovyo na nimepigiwa makofi," alisema. "Darasani kwangu mtoto akikosa hesabu namwambia amekosa, kwa sababu najua anaweza kupata. Hawa watu hawategemei nipate."

Akaongeza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba yeye hakuchunika viganja miaka yote ile ili aje avishwe kilemba cha ukoka. Kisha akampa Shangazi kazi. Alitaka aletewe watu wa kumzomea. Si kila siku. Hata mara moja ingetosha, mradi iwe kabla mabega yake hayajakwisha. Kwa asiyeujua mchezo wetu, sisi tunakimbia kwa mabega, na bega likichakaa hakuna duka linalouza jingine. Shangazi alitoka. Kesho yake nilimsikia kupitia ukuta akipiga simu kuzuia mabango mengine ya ujasiri yaliyokuwa njiani.

Hapa inanibidi nieleze kosa ambalo ni mtu wa masoko tu angeweza kulifanya. Kwa akili aliyoizoea, ukikuta hakuna mahitaji unayatengeneza. Basi akakodi wanafunzi watatu wa chuo cha maigizo, akawafanyisha mazoezi ya kuzomea mle ofisini kwake. Niliyasikia, na nakiri yalikuwa ya kiwango cha juu. Jumamosi ilipofika aliwakalisha safu ya kati. Mwalimu alipokosa mara ya kwanza, wale watatu wakainuka kwa pamoja, mikono juu, wakazomea na kudai atolewe uwanjani.

Ukumbi uliganda. Kisha yule bibi wa machozi, ambaye alikuwa amerudi na leso mpya, akamtandika wa kwanza kwa mkoba. Wazee wawili wakamkaba wa pili na kumuuliza kama kwao hakuna huruma. Wa tatu alikimbilia mlangoni huku akipiga kelele kwamba ametumwa, yeye ametumwa tu. Mechi ilisimama, mtu akashika kipaza sauti akawaombea vijana wale wasamehewe, na sisi tukapigiwa makofi ya pole marefu kuliko yote ya nyuma. Mwalimu alicheka mpaka akashikilia nguzo ya kikapu. Lakini alipomaliza kucheka alimwambia Shangazi kwamba hiyo haihesabiwi. Mtu wa kukodiwa, alisema, haumwi na mpira uliokoswa.

Maneno hayo yalimwingia Shangazi. Kuanzia hapo aliacha kutafuta watu wa kupiga kelele, akaanza kutafuta namna ya kuwafanya watu waumwe. Mji wetu umekatwa na reli katikati, na wakazi wa juu ya reli na wa chini ya reli wamebezana tangu enzi za babu zao kuhusu nani ana maji na nani ana upepo. Shangazi akaishawishi bodi ivunje timu zenye majina ya matumaini na faraja, ziundwe nyingine kwa mitaa. Sisi tukawa Chini ya Reli. Watani wetu wakawa Juu ya Reli. Ligi yote ikawa na kisirani kizuri.

Mabango nayo yakabadilika. La Mwalimu lilikuwa na uso wake anaposahihisha mitihani, na chini yake maneno: Alikufelisha hesabu. Jumamosi njoo umwone akikosa. Mkuu wa shule alilalamika kwa mkurugenzi, lakini Mwalimu mwenyewe aliomba nakala akaibandika mlangoni mwa darasa lake. La winga lilisema anagombana na kila mwamuzi, njoo uone kama ana haki. Mimi pia nilipata bango. Lilikuwa na picha yangu na maneno mawili: Huyu yupo. Mama yangu bado analo sebuleni.

Neno ujasiri lilipigwa marufuku ofisini. Hotuba za wakati wa mapumziko zilikatazwa, na mfadhili mmoja aliyekuja amevaa tai kutoa maneno ya kutia moyo alipewa kipaza sauti na kuombwa asome kanuni za faulo. Alizisoma vibaya, watu wakamrekebisha, na hakurudi tena. Bodi ilimwita Shangazi ajieleze. Aliwaambia kwamba mtu aliyekuja kwa huruma haji Jumamosi ya pili, kwa sababu huruma yake imeshatosheka, na kwamba kama wanataka ukumbi wa watu wanaolia, wamrudishe kwenye magodoro na watafute mwingine. Waliomba dakika chache za kushauriana. Nilimwona koridoni akingoja, anaizungusha pete yake kidoleni, na hakunitania hata kidogo nilipopita. Walimwacha aendelee, kwa tofauti ya kura moja.

Naye alipata alichokitabiri. Waliokuja kulia hawakurudi, na msimu mzima ukumbi ulikuwa na jamaa zetu, wakwe zetu, na mpima ardhi ambaye alisinzia katika kila nusu ya pili. Lakini wanafunzi waliofelishwa na Mwalimu walikuja kumwona akikosa, na kwa bahati yao mbaya akawa anapata, ikabidi warudi. Waliwaeleza wenzao kanuni. Kinyozi wa jirani na ukumbi alibandika ratiba ya ligi kwenye kioo chake, na ubishi ukahamia pale. Shangazi hakuishia kwenye kikapu. Alipoanza kutangaza soka la wasioona, ambalo mpira wake una njuga ndani na watazamaji wanatakiwa kunyamaza ili wachezaji wausikie, bango lake lilisema huu ndio mchezo pekee ambao mkwe wako atanyamaza. Tikiti ziliisha. Leo ligi za shirika hili zinajaza kumbi ambazo zamani tulikuwa tukipewa bure kwa sababu hakuna aliyezitaka.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijaja. Watazamaji walishangilia, waliguna, walimkemea mwamuzi, lakini mchezaji wa kwenye kiti hakuzomewa. Mpira ukikoswa, kulikuwa bado na makofi mepesi mepesi ya adabu, na Mwalimu aliyasikia yote. Mwaka huu daktari alimwonyesha picha ya bega lake la kulia na kumwambia likipumzishwa halitalalamika. Mwalimu akaamua kustaafu kucheza siku ile ile ambayo Shangazi anastaafu kazi. Sherehe hii ya kuagana ilipangwa kuwa ya wawili, na wasifu huu niliagizwa kuugawa nusu kwa nusu.

Fainali ilikuwa kati yetu na Juu ya Reli. Shangazi alisimama mlangoni kama kawaida yake, amewapa mgongo wachezaji, anatazama nyuso za watu. Zilibaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja, na mpira uko kwa Mwalimu. Winga alikuwa peke yake chini ya kikapu anapunga mikono yote miwili. Mwalimu hakumpa. Alirusha mwenyewe, kutoka mbali, kwa bega lile lile, na mpira ukagonga ukingo na kuruka nje. Filimbi ya mwisho ikalia.

Kisha sauti ya mwanamume kutoka safu za juu ikasema, "Pasi, Mwalimu. Pasi." Ikafuata nyingine, na nyingine, halafu upande wote wa Chini ya Reli ukalipuka kwa kuzomea, wazee kwa vijana. Walisema amezeeka. Walisema winga alikuwa peke yake na kila mwenye macho alimwona. Mmoja alisema alitufelisha sisi miaka ile na leo kafeli yeye. Hakuna aliyepiga makofi.

Nilimgeukia Shangazi. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanateremka. Mwalimu alimpita bila kumtazama. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo alitupa glavu sakafuni na kumwambia Shangazi, aliyemfuata, neno moja tu, kwamba amewalipa wazomeaji tena. Shangazi akaapa kwamba hakumlipa mtu. Mwalimu akasema alijua kwamba atakana, kwamba hii ni zawadi ya kuagana, kwamba anamshukuru kwa nia njema, na kwamba angependa aachwe peke yake. Shangazi alitoka. Ameuza vitu maisha yake yote kwa watu wasiomjua, na mtu aliyemjua kuliko wote hakumwamini siku aliposema kweli. Lilimuuma, na sisi tuliokuwepo lilituuma pia.

Jumatatu upande wa pili wa ukuta haukuwa na sauti. Mwalimu alikuja kwenye meza yangu kuhakiki ratiba ya sherehe, hakumuulizia Shangazi, nami sikuthubutu kumtaja. Tukiwa tumeinamia karatasi, tukasikia mtu amebisha hodi kwa jirani. Alikuwa muuza vipuri vya magari kutoka chini ya reli, bado na grisi mikononi, mtu ambaye hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kumwona. Aliuliza kama hapo ndipo wanapopokea malalamiko. Shangazi akamkaribisha kiti.

Mbao zile ni nyembamba, nilishasema. Muuza vipuri alianza kwa kueleza kwamba hana ugomvi na mtu. Lakini yule namba saba, mama, anatuua. Tangu katikati ya msimu mkono wake wa kulia haufiki, alisema, na badala ya kukubali anang'ang'ania kurusha kutoka mbali. Hageuki haraka kama zamani. Anamnyima winga pasi makusudi, kocha anamwogopa kwa sababu alimfundisha mtoto wake. Kwa maoni yake angeanzia benchi, aingie mwishoni wapinzani wakishachoka, maana kichwa chake bado kizuri. Yeye Jumamosi hakula chakula cha jioni, na mkewe amemwambia akaoe hicho kikapu.

Shangazi alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kama hakumwonea huruma hata kidogo yule mchezaji.

Mtu yule akaomba swali lirudiwe. Ilikuwa wazi kwamba anatafuta maana ya swali.

"Nimhurumie kwa lipi, mama?" akasema. "Katupotezea kombe."

Mwalimu aliiweka kalamu yangu mezani. Nilidhani atalia, nikatafuta leso. Badala yake aligeuza kiti, akausukuma mlango wa Shangazi kwa sehemu ya kuwekea miguu, akamwambia muuza vipuri kwamba bega la kulia ndilo bovu, la kushoto halina neno, na huyo winga wake hajawahi kushika pasi tangu azaliwe. Yule mtu alimtambua, akasimama kwa salamu na shikamoo, halafu akakaa tena na kuendelea pale pale alipoachia. Walibishana mpaka wakati wa chakula cha mchana. Walihamisha vikombe na kopo la kalamu la Shangazi kuonyesha nani alikuwa wapi. Hakuna aliyemlegezea mwenzake.

Shangazi alitoka akaja kusimama karibu na meza yangu. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na akanishika bega. Mwishowe aliniambia kwamba amefurahi, kwamba hajawahi kufurahi hivi, na kwamba hakumlipa yule mtu. Nikamjibu kwamba najua, angempigia simu ningesikia. Baadaye Mwalimu alitoka, akamwomba radhi mbele yangu, wakashikana mikono muda mrefu.

Ndiyo sababu wageni wetu mnaona programu ina picha ya mtu mmoja na nafasi tupu kando yake. Mwalimu ameondoa jina lake katika sherehe hii. Amekwenda kwa daktari na kurudi na ruhusa ya dakika chache kila mechi, ameukubali ushauri wa muuza vipuri wa kuanzia benchi, na nimeshaambiwa nisogee. Anasema hawezi kuondoka huku kuna watu wanamdai kombe.

Anayeondoka, basi, ni Shangazi peke yake. Tunamshukuru kwa kutukataza kuhurumiwa hata pale ilipotupunguzia wafadhili, na kwa kututangaza bila kutupamba. Tunamshukuru mpima ardhi kwa uvumilivu wake wa miaka yote, akiwa macho na akiwa usingizini. Shangazi, uwe na afya, ulale mpaka uchoke, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na siku zako za mbele ziwe njema kuliko bidhaa yoyote uliyowahi kuisifia. Ligi inaanza tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Kama unakuja, njoo mapema. Ukumbi unajaa haraka siku hizi, na mlinzi wa mlangoni ameagizwa kwamba mtu asiye na tikiti haingii, hata awe nani.